Rubani wa Sakafuni

Mchapaji aliipata habari ya mumewe dukani, mche wa sabuni mkononi, chenji bado haijamfikia. Aliyempa ni jirani yake, mke wa dereva wa foklifti katika yadi ya makontena alikofanya kazi mume wa Mchapaji, mwanamke mwenye huruma nyingi na breki chache.

"Pole, shoga yangu," jirani alisema. "Ndiyo dunia. Hata kufagia ni kazi, mradi mkono uende kinywani."

"Nani anafagia?"

Jirani alijiziba mdomo kwa kiganja. "Yaani hajakwambia?"

Kwa kuwa mdomo ukishafunguka haufungiki kwa kiganja, akamwaga yote mbele ya mwenye duka na wateja wawili. Kampuni inawashusha waendesha winchi wote kutoka vibanda vyao vya juu. Watakaa ofisini, kwenye viti vya kuzunguka, waongoze winchi kwa kijiti huku wanatazama skrini. Jumanne walijaribiwa. Mtihani wenyewe ni Alhamisi ya wiki ya tatu kutoka hii, na atakayeanguka atapewa ufagio, au mkono wa kwaheri.

"Sasa shemeji, nasikia, alikuwa anainama kutazama chini ya meza. Kila akipewa kijiti, anainama. Vijana wamecheka mpaka wameshika mbavu. Mkufunzi wao kijana akamuuliza, 'Mzee, umeangusha senti?'"

Mwenye duka alikohoa, akajifanya anapanga viberiti. Mchapaji aliweka sabuni kwenye mfuko, akatoka bila kungoja chenji yake. Aliikumbuka alipofika nyumbani, lakini hakurudi.

Mumewe walimwita Juu. Jina alipewa yadini, likamfuata mtaani, na sasa hata mama yake mzazi alilitumia, kwa kuwa kwa miaka ishirini na miwili ukimuuliza mtu yuko wapi, jibu lilikuwa hilo hilo. Jioni ile alikuwa chini kabisa. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango akifungua kamba za viatu, fundo baada ya fundo, bila kuvuta. Mikono yake haikuwahi kuvuta kitu kwa nguvu.

"Kazi imekuwaje leo?" Mchapaji aliuliza.

"Kazi ni kazi."

"Na Jumanne?"

Kidole kilisimama kwenye fundo. "Nani kakwambia?"

"Duka zima. Nimeuziwa pamoja na sabuni."

Mama mkwe, aliyekuwa kitini karibu na dirisha na sikio moja tu linalofanya kazi, aligeuka. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi mbona mmenyamaza kama mko msibani?"

Juu alivua kiatu cha kwanza, akakiweka sambamba na ukuta. "Ningekwambia nini, mke wangu? Kwamba nimeshindwa na kijiti? Mimi nanyanyua tani thelathini, naziweka juu ya lori, dereva ndani hajui kama amepakiwa. Halafu anakuja kijana na kishikwambi chake, ananipa kitu kirefu kama mwiko, na kwenye skrini ninagonga ukuta mara tatu."

"Ulikuwa unatazama nini chini ya meza?"

"Kule juu sakafu ya kibanda ni kioo," alisema. "Mzigo uko chini ya miguu yako. Unautazama hapa, katikati ya magoti. Miaka ishirini na miwili shingo yangu inainamia pale pale. Sasa wamenihamishia ardhi mbele ya uso. Najua iko mbele, nimeambiwa iko mbele. Lakini mzigo ukianza kushuka tu, kichwa kinaenda chenyewe. Natazama chini, naona viatu vyangu."

"Si ufanye mazoezi?"

"Mashine ziko mbili, wamezikalia vijana wa kozi. Sisi wazee tumepewa dakika ishirini kila mmoja, basi. Yule mkufunzi, Kishikwambi tunamwita, anasema mkono ukishakomaa haukunjiki." Alivua kiatu cha pili. "Labda ni kweli."

Hilo neno "labda" ndilo lililomkosesha Mchapaji raha. Mumewe alikuwa mtu wa ndiyo na hapana. Labda lilikuwa neno la mtu aliyeanza kuzoea ufagio kabla hajaushika.

*

Ofisini kwao, ambako Mchapaji alichapa barua na hati za watu kuanzia asubuhi mpaka vidole vikawa na akili zao wenyewe, walikuwa wanasafisha stoo. Kompyuta za zamani zilirundikwa ukumbini zikingoja gari la vyuma chakavu. Mojawapo ilikuwa ya mhasibu aliyehamishwa zamani, na kila mtu alikumbuka jinsi mhasibu yule alivyotumia saa ya chakula cha mchana: mlango umefungwa, ndani mlio wa ndege na risasi.

Mchapaji alifungua boksi. Vyote vilikuwamo. Skrini nzito yenye mgongo kama wa kobe, kibodi iliyofutika herufi, diski ndani ya kasha lililokwaruzika lenye picha ya ndege za vita za enzi za mababu, zile zenye pangaboi puani. Na chini kabisa, kimefungwa waya wake shingoni, kijiti cheusi chenye kitufe chekundu.

"Mkuu, naomba hii."

Mkuu wa ofisi alichungulia. "Hiyo? Hata kuchapa barua inakohoa."

"Sitaki kuchapia. Nataka kijiti chake."

Makarani wawili waliangaliana. "Mama mzima!" mmoja alisema. "Unakwenda vitani?"

"Nakwenda," Mchapaji alijibu. Akatia sahihi kwenye daftari la mali chakavu, wakacheka, naye akacheka kidogo ili kicheko kiishe mapema. Akatafuta mkokoteni.

Nyumbani haukumpokea wimbo. Juu alilitazama boksi, akatazama picha ya ndege kwenye kasha.

"Umeniletea kitu cha watoto."

"Nimekuletea kijiti."

"Wakisikia yadi wataniitaje?"

"Wameshakuita, mume wangu. Hakuna jina walilobakiza. Sogeza meza."

*

Mashine ilichukua muda kuamka. Ikakohoa, ikanguruma, diski ikasaga ndani kama kinu kisicho na mahindi. Kisha ndege zikatokea, na muziki wa matarumbeta uliomfanya mama mkwe ajiweke sawa kitini.

Kulikuwa na maneno matatu ya kuchagua. Kwa kiherehere Mchapaji alibonyeza la kwanza, na la kwanza lilikuwa Vita. Juu alijikuta tayari yuko mawinguni, kijiti mkononi, hajui hata ndege inageukaje. Kabla hajauliza, kitu kikapita mbele ya macho yake, mlio ukapasua spika, skrini ikawa nyekundu.

"Sijafanya kitu!" Juu alisema, mikono juu.

"Tumekufa," alisema Mchapaji.

"Huyo kijana kaokoka?" mama mkwe aliuliza.

"Kijana yupi, mama?"

"Aliyekuwa ndani ya ndege."

Walitazamana. "Kaokoka," Juu akasema.

Kulikuwa na kijitabu, kurasa arobaini zilizomwagikiwa chai, katika lugha ya kigeni ambayo Mchapaji aliichapa kila siku kazini bila kuipenda. Alikisoma usiku ule wala hakulala mapema, na Jumatatu saa ya chakula akafanya alichokijua duniani. Alichapa. Aligeuza kurasa arobaini kuwa karatasi moja ya Kiswahili, yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari: KABLA YA KURUKA.

La kwanza lilikuwa kukifundisha kijiti na mashine kujuana. Kwenye skrini ulitokea msalaba mdogo, na karatasi ilisema kizungushwe mpaka mwisho wa pande zote. Juu alikizungusha. Msalaba ulitikisika kidogo tu.

"Mpaka mwisho," Mchapaji alisema.

"Mwisho haguswi na mtu mwenye akili. Ukifika mwisho kitu kinavunjika, au mtu anavunjika."

"Hapa hakuna cha kuvunjika. Zungusha kama unasonga."

Akazungusha kwa uso wa mtu anayetenda dhambi, na msalaba ukaenda ulikotakiwa.

La pili lilikuwa ukurasa wa masharti. Mchapaji alisoma kwa sauti huku akibonyeza. Upepo: uzimwe. Adui: hakuna. Mafuta: yasiyokwisha. Ndege kugongwa: isiharibike.

"Soma tena hapo kwenye mafuta," Juu alisema.

"Yasiyokwisha."

"Na adui?"

"Hakuna."

"Laiti kila nyumba ingepewa ukurasa huo." Ilikuwa mara ya kwanza kutania tangu Jumanne, na mkewe hakusema kitu, asije akautisha utani ukakimbia.

La tatu likawalazimisha kukaa bega kwa bega. Ndege ilitaka kijiti, lakini pia ilitaka vitufe: injini kitufe hiki, magurudumu kile, vibawa vya kupunguza mwendo kingine. Na kibodi ya mhasibu ilikuwa kipara, herufi zote zimelika. Hakuna ambaye angejua kipi ni kipi, isipokuwa mtu ambaye vidole vyake havikuwahi kuhitaji kutazama. Basi Juu akashika kijiti, Mchapaji akashika vitufe.

"Injini."

"Tayari."

"Ongeza moto. Ongeza. Mama yangu, inakwenda!"

"Vuta kwako, taratibu."

"Taratibu ndiyo kazi yangu," Juu alisema, na ndege ikapaa.

Kupaa hakukuwa tabu. Tabu ilikuwa kutua. Kila njia ya kutulia ndege ilipokaribia na Mchapaji kusema "Magurudumu," shingo ya Juu ililegea, kichwa kikainama, macho yakapita chini ya ukingo wa meza, yakatua kwenye sakafu ya saruji na ndala zake mwenyewe. Mbele ya uso wake ndege ilijichimbia ardhini. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya kumi na moja.

"Tazama mbele," Mchapaji alisema mara ya nne. Mara ya saba alisema kwa ukali. Mara ya kumi na moja alijisikia ulimi ukitaka kuuliza, Unatafuta nini huko chini? Akaukamata kabla haujafika kwenye senti.

Badala yake alimtazama mumewe. Aliitazama ile shingo iliyoinama, yenye mkunjo mmoja mzito nyuma kama mkunjo wa karatasi iliyokunjwa mahali pamoja mara elfu. Karatasi ya namna hiyo hainyooshwi kwa kuigombeza. Yeye alijua karatasi.

"Simama kidogo," alisema.

Alichomoa nyaya, akaikumbatia ile skrini nzito, akaiweka sakafuni. Akaiegemeza kwenye matofali mawili, uso juu. Akazirudisha nyaya, akasogeza kiti. "Kaa. Weka mguu huku na huku."

Juu alikaa. Skrini ilikuwa katikati ya miguu yake.

"Sasa tua."

Alitua. Hakutua vizuri tu. Ndege ilishuka kama unyoya kwenye unga, magurudumu yakagusa, na spika, ambayo kwa siku tatu ilikuwa ikipiga mlio wa kuvunjika, ikatoa sauti ndogo ya mpira kwenye lami.

"Imegusa," Juu alisema. Kisha akarudia polepole, "Imegusa."

Mama mkwe akapiga makofi, bila kujua sababu.

*

Kuanzia siku ile Mchapaji alirudi kila jioni na bunda moja la fomu zilizofutwa ambazo ofisi ilikuwa inazitupa. Bunda moja chini ya skrini kila siku, unene wa vidole vitatu. Juu alirusha, akatua, akarusha, akatua. Kesho yake skrini ilikuwa imepanda kidogo, na shingo yake, bila kuambiwa, imepanda nayo.

Jirani aliingia siku ya nne kuazima ungo. Alimkuta baba mwenye nyumba amekaa ametanua miguu, televisheni, kama alivyoiona yeye, katikati ya mapaja, mkewe amepiga magoti pembeni anasema "Magurudumu! Magurudumu, bwana!" Alisahau ungo. Kesho yake yadi nzima ilijua.

Juu alirudi jioni akakaa kwenye kigoda chake.

"Wananiita Rubani wa Sakafuni," alisema. "Leo getini wamejipanga, wamenipigia saluti. Hata mlinzi."

Mchapaji alihisi masikio yakimwaka. Ni yeye aliyeleta boksi. "Ukafanyaje?"

"Niliwapigia na mimi." Aliinamia viatu vyake. "Nilipofika kwenye ngazi ya winchi, ambako hawanioni, nilikaa kidogo."

Hakusema alikaa muda gani. Alifungua kamba za viatu, akavua, kisha akasogea mwenyewe mbele ya skrini. "Weka bunda la leo."

Siku ya kumi na mbili skrini ilifika kimo cha meza. Zilibaki siku tatu. Mchapaji aliondoa mabunda yote, akaiweka pale ilipokuwa mwanzo, akakaa kwenye vitufe vyake kwa moyo mweupe. Juu akapaa, akazunguka, akaikabili njia.

"Magurudumu," Mchapaji alisema.

Kichwa kikainama. Ndege ikajichimbia.

Walijaribu mara tano. Mara zote tano alikuwa salama mpaka sekunde ya mwisho, ile sekunde ambayo mzigo unakaribia kugusa, na hapo miaka ishirini na miwili ikampiga kofi la kisogoni. Mara ya tano aliweka kijiti mezani. Hata hapo hakukitupa.

"Inatosha."

"Bado siku tatu."

"Mke wangu, umejitahidi. Mimi ndiye nimeisha." Akainuka. "Ufagio hauna skrini. Nitaufagia ule uwanja mpaka ung'ae, wakose la kusema."

"Kaa."

"Nimesema inatosha."

"Na mimi nimesema kaa!" Mama mkwe aligeuza sikio zima. Mchapaji hakuwa amewahi kumpandishia mumewe sauti mbele ya mama yake, na wote watatu walilijua hilo. Akaishusha. "Kaa, tafadhali. Ukishindwa Alhamisi utafagia, na mimi nitakuchapia barua ya kuomba ufagio mpya. Lakini si leo."

Alikaa, labda kwa mshangao. Mchapaji alikuwa anapekua kijitabu kile chenye chai. Kuna kitu alikuwa amekiruka tangu mwanzo, kwa sababu hakikuwa na faida kwa mwendesha winchi. Alirudi kwenye ukurasa wa masharti.

"Unafanya nini?"

"Nawarudisha maadui."

"Wa nini? Mimi sipigani na mtu. Nataka kutua."

"Ukitaka kutua unatazama chini," alisema. "Hawa wabaya hawatoki chini. Kijitabu kinasema wanatokea juu, wanatokea kwenye jua. Ukiinama tu, umekwisha. Wewe shika kijiti. Risasi niachie mimi."

*

Hakuna aliyejua, hata Mchapaji mwenyewe, kwamba ndani ya mwanamke aliyechapa "Wako mtiifu" mara mia mbili kwa wiki alikuwamo mpiganaji. Kitufe cha risasi kilikuwa kile kirefu cha chini, na alikipiga kwa ngumi.

"Kulia! Yuko kulia, juu! Usiniangalie mimi, muangalie yeye!"

"Namwona."

"Mgeukie! Piga! Mpige! Anakimbia, mshenzi, mpige!"

Mlango uligongwa kwa nguvu. Jirani aliingia bila kungoja, na nyuma yake mumewe wa foklifti na kipande cha ubao mkononi, wakiwa wamekuja kuamua ugomvi. Walimkuta Juu amekaa kimya, jasho linamtoka, na mkewe amesimama ameinamia kibodi, nywele zimemtoka kwenye kitambaa.

"Anampiga nani?" jirani aliuliza.

"Wajerumani," alisema mama mkwe, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia ni akina nani. "Lakini wanaokoka wote. Mwanangu kaniambia."

Dereva wa foklifti alishusha ubao. Alitazama skrini kwa muda. "Pale," akasema ghafla, "kushoto kwako, mzee! Juu!"

Wakapigana mpaka giza lilipoingia, na kesho yake tena, na keshokutwa. Wakati wa kurudi uwanjani ulipofika, adui mmoja alikuwa bado anazunguka juu, kwa hiyo Juu hakuthubutu kuinama. Alitua na macho yamekodolea mbele, kichwa kimenyooka kama cha bwana harusi anayepigwa picha. Mchapaji alisema "Magurudumu" kwa sauti ya kunong'ona. Yakagusa.

*

Alhamisi Mchapaji alichapa barua moja mara nne. Mara ya kwanza aliandika tarehe ya mwaka uliopita. Mara ya tatu, mahali pa "Mheshimiwa," vidole viliandika jina la mumewe. Mkuu aliichukua, akaisoma, akairudisha bila neno, na kwa Mkuu hiyo ilikuwa huruma kubwa.

Saa sita na nusu alimwona. Alikuwa amesimama kwenye foleni ya watu wanaongojea hati, nyuma ya mama mwenye bahasha, amevaa ovaroli ya kazi, kofia ngumu kwapani. Hakuwa amewahi kukanyaga ofisi ile. Hakuruka foleni. Alisogea hatua kwa hatua kama watu wengine, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka la Ijumaa kuu, hausomeki. Mchapaji alihudumia watu watatu bila kujua anawapa nini.

Zamu yake ikafika. Akaweka mikono kwenye kaunta.

"Nimeinama mara moja," alisema.

Mchapaji alishika ukingo wa meza.

"Kontena la kwanza. Kichwa kikaenda. Kishikwambi akaandika kwenye kidude chake, nikamsikia anaandika. La pili hakikwenda. La tatu hakikwenda." Akaweka kofia kwenye kaunta. "Muda wangu ni wa pili kutoka mwisho. Lakini wana kipimo cha kutikisika, kinahesabu mzigo umeyumba kiasi gani. Kwa vijana wote kilikuwa kinaruka kama panzi. Kwangu kililala. Kishikwambi akadhani kimeharibika, akamwita fundi. Fundi akasema ni kizima."

"Sasa?" Mchapaji aliuliza. "Sasa, baba?"

"Naanza Jumatatu. Kiti cha tatu kutoka mlangoni."

Mama mwenye bahasha, ambaye hakuwa ameondoka, akasema, "Alhamdulillahi," na karani mmoja akampigia makofi mtu asiyemjua. Mchapaji alichukua muhuri, akaugonga kwenye karatasi tupu iliyokuwa mbele yake, kwa nguvu zote, kwa kuwa kaunta ilikuwa katikati yao na hakuna kingine mkono ungeweza kufanya.

*

Jumamosi ilikuwa zamu ya mwisho ya winchi ya zamani. Familia ziliruhusiwa kufika getini saa kumi. Mchapaji alikwenda na chupa ya chai, akasimama kwenye changarawe pamoja na wake wengine.

Hakuwa amewahi kuiona winchi kwa karibu. Kwa miaka yote ile aliposema "mume wangu yuko juu," alikuwa akiona kichwani kitu cha kimo cha paa la nyumba. Kile kibanda kilikuwa kidogo kama kiberiti, mbali kule kwenye chuma, na ngazi ilipanda, ikapinda, ikapanda, mpaka shingo yake ikauma kuifuata.

King'ora kililia. Kontena la mwisho likatua juu ya behewa. Halikutoa sauti, na Mchapaji aliwaona watu waliokuwa karibu nalo wakilitazama tu.

Kisha mlango wa kibanda ulifunguka na kitone cha bluu kikatoka. Kilishuka kinyumenyume, uso kwenye chuma, mkono, mguu, mkono, mguu. Alisimama kwenye kona ya katikati. Alikuwa ameshika chuma kwa mikono yote miwili na hatazami huku wala huku. Mchapaji hakuita. Hatimaye mguu ukatafuta ngazi iliyofuata, ukaipata.

Alipofika chini, Kishikwambi alikuwa wa kwanza kumfikia. Kidude chake kilikuwa kwapani na kimezimwa. "Shikamoo, mzee," alisema, na kutokana na jinsi alivyoona haya ilionekana hajawahi kuisema pale yadi. "Lile la mwisho. Umelituliza vipi bila sauti? Mimi nina vitabu vyote, hakuna kinachosema."

"Marahaba. Jumatatu," Juu alisema. "Leo usiniulize habari za makontena."

Alimfikia mkewe. Glovu zilikuwa bado mikononi, akaanza kuvua moja, akaiacha nusu.

"Miguu inatetemeka," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Ni ngazi hizo. Ni ndefu."

"Nimezishuka mara elfu sita, mke wangu. Si ngazi."

Mchapaji alimvua glovu, moja, kisha nyingine, akazitia mfukoni mwake. Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa na kumpa. Kifuniko kilitikisika mpaka chai ikamwagika kidogo kwenye changarawe, na wote wawili wakaitazama ikinywewa na ardhi, mpaka mkono ukatulia.